Filta ya Miaka Kumi

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Nimekwenda Temeke kwenye maonyesho bila mke, bila watoto, bila haraka. Nimerudi na kitu kitakachobadili heshima yangu katika familia.

Filta ya hewa ya gari. Ya kuoshwa! Siyo zile za karatasi unazotumia, unatupa, unanunua, unatupa, kama mtu anayetwanga maji kwenye kinu. Hii ni ya pamba, nyekundu, ina wavu wa chuma pande zote mbili. Binti wa bandani aliichovya kwenye beseni mbele ya watu, akaisuuza, akaikung'uta, akasema inadumu miaka kumi. Nilimuuliza mara mbili. Kumi. Gari langu lenyewe halijabakiza miaka kumi. Maana yake filta ndiyo itakayolizika gari. Nikanunua.

Binti alitaka nichukue na kichupa cha mafuta yake, kwa sababu filta ya aina hii ikishaoshwa na kukauka lazima ipakwe mafuta ndipo inase vumbi. Nilipotajiwa bei ya kichupa nilicheka kwa sauti. Mafuta ni mafuta.

Naandika kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda. Jumamosi ijayo ni sendofu ya Loveness, mdogo wa mwisho wa mke wangu Kokuberwa. Baba yao, Mzee Leonardi, anakuja kutoka Bukoba kumuaga binti yake. Atafikia Kiwalani kwa dada yake, na siku ya sherehe lazima aletwe kwa gari mpaka ukumbini, huku kwetu Kimara. Atakayemleta ndiye atakayeingia naye ukumbini bega kwa bega, matarumbeta yakilia, na kukaa naye meza ya mbele. Magari katika familia ni mawili. Langu na la Brightson.

Mimi na Brightson tumeoa dada wawili. Yeye ana Clara. Ana pia gari refu jeupe, na tabia ya kukuita "braza" huku akitazama matairi yako. Filta zake ni za karatasi. Anabadilisha kila mara, kama soksi.

Mwaka wa kumi na moja huu, Mzee Leonardi anamwita Brightson "mwanangu". Mimi ananiita "yule wa Singida". Inaniuma. Humu ni ndani ya daftari langu, naweza kusema inaniuma sana. Jumamosi maumivu hayo yanakwisha.

Jumatatu, 8 Julai

Kutoka kazini nimeshuka Manzese kwa Nasser. Ukoo wao umekuwa ukiuza vipuri hapo tangu enzi za babu yake. Duka limegawanywa katikati: upande wa Nasser unanuka mpira na grisi, upande wa mkewe Hayat unanuka halua, iliki na samli. Mimi ni mteja wao wa siku nyingi, hasa wa kahawa.

Nilimwonyesha filta bila kusema neno, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Akaigeuza. Akaisifu. Akauliza mafuta yake yako wapi. Nikamweleza habari ya mafuta ni mafuta. Akaweka kikombe chini.

"Ya karatasi inakufa ili injini ipone," akasema. "Hii ya kuoshwa ni nzuri, lakini inataka mtu mwenye subira. Wewe, Wilbert, chukua ya karatasi."

Nilimwelewa papo hapo. Kila mwenye gari akinunua filta mara moja kwa miaka kumi, Nasser atauza nini? Nilimwonea huruma kweli. Nikanywa vikombe viwili ili asijisikie mpweke. Wakati naondoka alinishika mkono, akanitia kiganjani boksi la filta ya karatasi ya saizi ya gari langu, akasema ni zawadi yake ya harusi. Kukataa zawadi si adabu. Nimeitupa kwenye buti.

Jumanne, 9 Julai

Nimeomba ruhusa ya wiki nzima ofisini kwa sababu za kifamilia. Bosi aliuliza kama kuna msiba. Nikasema ni kinyume chake.

Asubuhi nimeiosha filta. Ilikuwa mpya, lakini mtu hangoji kuvamiwa ndipo ajifunze kurusha mkuki. Sabuni ya unga, beseni, maji ya vuguvugu. Imetoa rangi kidogo. Shati moja la shule la binti yetu Aneth, lililokuwa humo kwenye beseni, sasa ni la waridi. Nimelikunja nikaliweka chini kabisa kabatini.

Ikakauka kwenye kamba. Sasa mafuta. Alizeti ya kwetu Singida imekwisha, Kokuberwa alikaangia samaki. Mafuta ya injini mazito. Mafuta yake ya nywele yana manukato, na injini si bibi harusi. Nikapanda kiti. Juu ya kabati la vyombo, nyuma kabisa, nikakuta kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa kipande cha kitenge. Ndani, samli! Safi, ya njano, ya kwao Bukoba. Nakumbuka ililetwa miaka miwili iliyopita, tuliporudi kutoka kumzika mama mkwe. Miaka miwili na hakuna aliyeigusa hata kwa kijiko! Kwetu chakula hakiwekwi kabatini mpaka kikawa urithi.

Nikapaka. Mkono wa kwanza pamba ilikunywa yote. Mkono wa pili ikanywa nusu. Mkono wa tatu ikatosheka. Kopo limebaki na utando chini tu. Nimelifunga tena kwa kitenge chake, fundo lilelile, nikalirudisha mahali pake. Mimi si mtu wa kuacha vitu ovyo.

Filta iko ndani ya gari. Mikono yangu haijawahi kuwa laini hivi.

Jumatano, 10 Julai

Gari limeamka vibaya. Liliwaka, likakohoa, likakataa kwenda kasi kuliko mama mwenye ndoo kichwani. Nikafungua. Samli imeganda kwa baridi ya asubuhi, nyeupe, imejaa kila mkunjo. Nimepima jambo hili kwa makini: filta inazoea. Kitu cha miaka kumi hakitulii siku moja.

Jua lilipopanda ikayeyuka, gari likaenda. Lilitoa moshi mweupe wenye harufu ya chapati. Majirani watatu walikuja getini, mmoja baada ya mwingine, kuuliza habari za watoto. Walibaki wamesimama wakiangalia jikoni.

Mchana nimekwenda Kiwalani kumwamkia mzee. Kafika salama. Brightson alikuwa amekwisha kuwahi, amekaa kiti cha karibu, "mwanangu" hii, "mwanangu" ile. Nilipiga magoti nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akamuuliza dada yake kama yule wa Singida amepata chai.

Lakini jicho langu halilali. Brightson alitaka kumzungusha mzee mtaani. Nikamwona mzee akipanda lile gari refu: mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akakaa kwenye ngazi, mara ya tatu wakaletewa kigoda. Ni goti lake la kulia. Waliporudi nikasema, kwa sauti ya chini ya mtu asiye na lake, kwamba gari langu ni fupi, mtu anakaa kama anakaa kitandani. Mzee akaliangalia goti. Akaliangalia gari langu. Akasema basi Jumamosi yule wa Singida ndiye atakayemchukua.

Ushindi! Brightson alicheka kwa meno tu. Akaniuliza mbele ya wote kama gari langu litaupanda mlima wa ukumbini. Nikamjibu kwamba lina filta ya miaka kumi. Wote wakanyamaza. Nadhani ni heshima.

Nimerudi nyumbani naimba. Nikamkuta Kokuberwa kwenye simu na Loveness, anamwambia asiwe na wasiwasi, kopo liko juu ya kabati, atalishusha mwenyewe Jumamosi. Alipokata nikauliza kopo gani, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

Akanieleza. Kwao, binti anapoondoka nyumbani, baba humpaka viganjani samli iliyotengenezwa na mama yake. Yeye alipakwa. Clara alipakwa. Mama yao alipoanza kuumwa, Loveness alikuwa bado mwanafunzi, na mama alijua hatakuwapo siku yake. Akaomba maziwa, akayasukasuka mwenyewe akiwa ameketi mkekani, siku tatu, kwa sababu mikono haikuwa tena na nguvu. Akamkabidhi Kokuberwa kopo. Ndiyo samli ya mwisho aliyotengeneza duniani.

Sikula. Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa, siyo kwa mzaha. Mama mkwe ndiye mtu pekee wa ukoo ule aliyekuwa akiniita Wilbert.

Nimenywa chai. Nimekaa. Kwenye kikombe cha pili mpango ukaja wenyewe.

Alhamisi, 11 Julai

Samli ni samli. Sijui kwa nini nilipoteza hamu ya kula.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwa Hayat. Nikamwambia ni kwa ajili ya sherehe. Akafurahi, akanichotea ile anayowapa ndugu zake. Kopo kubwa, kwa sababu madogo yalikuwa yamekwisha. Nasser kutoka upande wake aliuliza filta inaendeleaje. Nikasema inazoea. Alimtazama mkewe.

Kokuberwa akiwa sokoni nimejaza lile kopo la maziwa. Rangi ileile. Kuna harufu ya iliki, kwa mbali. Nimeliacha wazi dirishani robo saa lipunge upepo, kisha nikafunga kitenge. Samli iliyobaki iko kwenye buti ndani ya kopo la Hayat. Jambo limekwisha. Watu wengine wangekimbilia kukiri na kuharibu sherehe ya watu.

Jioni nilitoka kujaribu mlima. Katikati ya mlima gari likazima. Moshi mwingi, nguvu hakuna. Niliweka jiwe nyuma ya tairi nikasimama mikono mfukoni kama mtu anayepunga upepo. Nani akatokea? Lile jeupe. Brightson akashusha kioo.

"Braza, kulikoni?"

Nikasema nalipumzisha. Akafunga kamba, akanivuta mpaka getini mwendo wa jeneza, taa za hatari zinawaka, akipunga mkono kila kibanda. Clara, kiti cha mbele, alikuwa amegeuka nyuma na simu. Kabla sijavua viatu video ilikuwa kwenye kundi la familia. Mtu ameiwekea matarumbeta.

Kokuberwa amesema nimpigie mzee aende na Brightson, halafu nitafute filta ya karatasi niachane na maigizo. Nikamwomba anipe mpaka kesho. Akasema mpaka kesho saa sita. Huyu mwanamke ananipenda.

Paka watatu wamelala juu ya boneti. Si wetu. Wanyama hutambua injini yenye afya.

Ijumaa, 12 Julai

Nilijua!

Asubuhi nimewasha gari. Limeunguruma. Nimekanyaga mafuta, limeruka! Nimeupanda mlima kwa gia ya pili, nikashuka, nikaupanda kwa ya tatu. Nikaupanda mara ya tatu kwa ajili ya muuza mkaa, ambaye jana alicheka. Moshi hakuna. Harufu nzuri tu ya samli, ya mbali.

Filta imezoea.

Nimefungua boneti kulitazama kwa upendo. Kuzunguka boksi la filta nimekuta punje nyeusi ngumu, kama mchele, nyingi, na nyingine juu ya betri. Nimezichunguza. Ni kaboni. Samli imesukuma nje uchafu wa miaka yote ikautoa ukiwa punje. Kulikuwa na nyuzi nyekundu za pamba pia: filta inajinyoosha, inatoa ziada. Boksi lenyewe sikulifungua. Mtoto aliyelala haamshwi. Punje nimezikunja kwenye karatasi nizitunze, ni ushahidi wa kumpelekea Nasser.

Paka mmoja bado yupo. Ameketi mbele ya gari anaitazama grili bila kupepesa.

Saa tano na nusu nimempigia mzee mwenyewe. Nikasema baba, gari zima, kesho saa nane. Kisha akasema, "Haya." Hilo tu. Linatosha.

Jumapili, 14 Julai

Jana sikuandika. Naandika leo, peke yangu sebuleni. Wengine wako kanisani. Sikualikwa kwenye gari.

Nianze na mazuri.

Saa nane kamili nilikuwa Kiwalani, gari limeng'arishwa mpaka vifuniko vya matairi. Mzee akatoka na kanzu nyeupe, koti jeusi, fimbo. Akaketi bila kigoda, mara moja tu. Tukaingia barabara ya Mandela, foleni ndefu, jua kali, injini ikapata moto. Alikuwa akinisimulia habari za bei ya kahawa. Ghafla akaacha katikati ya neno. Akapandisha kioo. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Nikadhani ni kifua. Tulipofika Ubungo nikamwona anafuta macho kwa kitambaa.

"Gari lako linanukia jiko la mke wangu," akasema.

Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote. Alipoona naanza kuyapita malori akanigusa bega.

"Taratibu, mwanangu. Tusifike upesi."

Mwanangu! Miaka kumi na moja. Barabara ikawa ukungu, nikaendesha mwendo wa kutambaa na mabasi ya mwendokasi yakitupita na watu wakitushangaa, na sikujali. Ningeweza kuendesha mpaka Singida.

Kwenye mlima, matarumbeta yalikuwa mbele juu ya pikapu, vumbi kama ukuta. Gari langu likapaa. Nyuma yangu Brightson, jeupe lake limekuwa la kahawia, anakula vumbi langu. Tukaingia ukumbini bega kwa bega. Nilikaa meza ya mbele. Nilimiminiwa soda na mtu aliyevaa glavu.

Sasa hayo mengine.

Ikafika saa ya samli. Kokuberwa akaja na kopo, amelibeba kwa mikono miwili, kitenge na vyote. Loveness akapiga magoti, amefumba macho. Mzee akafungua fundo, akainua kifuniko, akainamisha pua. Akabaki hapohapo. Ukumbi mzima ukamsubiri.

"Hii ina iliki," akasema.

Mshereheshaji alicheka, akidhani ni utani wa wakwe. Mzee hakucheka. Akasema mke wake hakuwahi kutia iliki kwenye samli tangu amwoe. Kokuberwa akalitazama kopo, kisha akanitazama mimi. Hakumtazama mtu mwingine yeyote kati ya watu mia mbili. Nilianza kueleza kwamba samli kwa kawaida hubadilika ikikaa, na kwamba wataalamu wengi, lakini mzee aliinua fimbo nikanyamaza.

"Ya mke wangu nimeinusa njia nzima kutoka Kiwalani. Iko kwenye gari."

Akatoka. Bibi harusi akamfuata, na Clara, na kamati, na meza zote. Matarumbeta wakadhani ni kipengele cha ratiba, wakasimama, wakapiga. Tukafika kwenye gari langu kwa muziki.

Boneti nilifungua mimi. Boksi la filta alilifungua Brightson, bila kuombwa, na kwa raha. Ndani ya filta ya miaka kumi kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Ndani ya tundu kulikuwa na kitanda kizuri cha nyuzi nyekundu. Juu ya kitanda alikuwapo panya, mnene, anang'aa kwa samli. Alituangalia wote, akashuka kwa upande wa betri bila haraka. Clara alipanda kiti ambacho hakikuwapo. Brightson akaeleza kwa sauti kubwa kwamba tangu Ijumaa injini yangu inakunywa vumbi tupu, ndiyo maana ikawa nyepesi, na kwamba baada ya mlima ule na vumbi lile haitafika Krismasi. Nikamweleza habari ya kaboni. Nikaitoa karatasi mfukoni nikazionyesha punje. Hakuna aliyetaka kuzishika.

Mzee hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinamia lile boksi, fimbo kampa Loveness amshikie. Pembeni kabisa, kwenye kona ambayo panya hakuifikia na vumbi halikuipata, samli ilikuwa imetiririka ikakusanyika. Kidogo, kama kijiko cha chai. Ya njano, safi. Akaichota kwa kidole, yote, akizunguka kona polepole asiache kitu.

Loveness akafungua viganja. Hapohapo juani, gauni lake limegusa bampa langu. Mzee akampaka, cha kulia, cha kushoto, akisema maneno ya Kihaya ambayo sikuyaelewa na sikuthubutu kuuliza. Kokuberwa akalia. Clara akalia. Mpiga tarumbeta kubwa akalishusha. Loveness akaleta viganja usoni, akanusa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Ni mama," akasema.

Basi. Niliona haya, nikatamani kujificha chini ya gari, lakini nilijua yuko nani huko.

Jioni nzima mzee alisema nami mara moja. Alimwomba Clara amwambie yule wa Singida ampishe. Alirudi Kiwalani kwa gari la Brightson, kwa kigoda, goti na vyote. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kwenda, gari langu. Kurudi, la Brightson. Ni sare.

Kokuberwa amesema sentensi mbili tangu jana. Ya kwanza: shati la Aneth nimeliona. Ya pili: kesho utakwenda kwa Nasser, na lolote atakalosema utalifanya.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda kwa Nasser. Gari linatoa sauti ya mtu anayetafuna kokoto, lakini linakwenda.

Nasser ameingiza kidole kwenye koo la injini, akanionyesha kidole. Sikubisha. Akaniambia kuanzia leo ni karatasi, na ikichafuka naitupa. Akanitaka nirudie kwa mdomo wangu. Nikarudia: karatasi, ikichafuka natupa. Hayat akanitaka nirudie na upande wake. Tukaitoa zawadi ya Nasser kwenye buti, tukaifunga pamoja, ikakaa sawasawa. Nikamwonyesha zile punje. Akaziangalia, akaniangalia, akaniagizia kahawa.

Nikiwa hapo nimempigia mzee. Sikuwa na mpango, naapa. Nikasema baba, nimekosa, samli ile sikuijua, na nilipoijua nikaficha. Niliisikia pumzi yake. Akasema alikuwa na hasira mpaka jana usiku, kisha akamkumbuka mkewe, na akajua angecheka mpaka ashike mbavu. Akasema binti yake kapakwa samli ya mama yake, hilo ndilo alilolijia, nalo limefanyika.

"Ubaki salama, Wilbert."

Wilbert! Si "mwanangu", hiyo nimeipoteza mlimani. Lakini ni jina langu, na kabla yake katika ukoo ule lilitamkwa na mtu mmoja tu. Nililazimika kutazama matairi kwa muda. Nilipomsimulia Kokuberwa, alinipakulia chakula mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni. Nimefungua boneti kuikagua kazi ya Nasser. Karatasi imeshashika vumbi kidogo, la njia ya Manzese mpaka hapa. Siku ya kwanza! Kitu kizima, kipya, zawadi ya rafiki, nikitupe? Nasser alisema ikichafuka. Hakusema ikioshwa. Nimeiosha taratibu, kwa maji baridi, bila kusugua. Imechanika kwenye kona moja, nimeibana kwa ugali kidogo. Sasa iko kwenye kamba karibu na shati la Aneth, na naona kwa macho yangu kwamba karatasi ikishakauka inakakamaa. Itataka mafuta.

Kwenye buti liko kopo la Hayat, limebaki zaidi ya nusu. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimempigia kuuliza kwanza kama lina mwenyewe. Amesema halina mwenyewe.